Landrova ya Misiba na Datsani ya Milango Miwili

Nikiwa mtoto, tembo alikufa ndani ya shamba la mpunga la mjomba wangu. Hakuuawa na mtu. Alikufa mwenyewe, sijui kwa uzee, sijui kwa kushiba mpunga wetu. Msimu ule tulikuwa tunaishi huko huko mashambani, juu ya madungu, tunaamia ndege, na habari ya nyama haihitaji mjumbe. Watu wakaja na visu, wakaja na mashoka, bibi yangu akaja na ungo. Akaulizwa ungo wa nini, akasema njaa haichagui chombo. Tukakata siku nzima. Kesho yake akatokea bwana nyama na gari ya serikali, anauliza nani kaua mnyama wa serikali. Watu wazima wote wakazama ndani ya mpunga kama sheshe, wale swala wa bondeni, waliosikia mbwa. Nikabaki mimi peke yangu, maana nilikuwa mdogo, sijafundishwa bado kuikimbia serikali.

Gari ile ilikuwa imesimama na huku inanguruma. Nilidhani ni mnyama aliyefungwa. Nikaenda nyuma yake, nikaona bomba linatoa moshi, nikalishika kwa kiganja. Bwana nyama alicheka mpaka akashika kiuno, halafu akachota grisi kwenye kopo akanipaka. Akasahau hata habari ya tembo. Usiku nililala nimeweka kiganja puani. Harufu ile ndiyo iliyoniharibia shule. Nilifika darasa la nne nikaacha, na mwalimu hakuja nyumbani kuuliza niko wapi. Kwa hiyo haya naandika mwenyewe kwa elimu hiyo hiyo. Mkikuta herufi imelala, isimamisheni.

Sasa ninyi vijana wa karakana mliniuliza habari ya magari mawili, nami nawaletea tembo. Vumilieni. Nimestaafu, sina pa kuwahi.

Siku mliyoniaga kwa soda mlibishana mpaka barafu ikayeyuka. Kati ya Landrova ya zamani na kale kagari ka zamani ka milango miwili, ka chini chini, ipi ni gari? Mmesikia kuna watu wa Dar es Salaam wananunua vyuma vikuukuu na kuvifufua ili wavipige picha. Mmoja wenu akanigeukia: "Babu Kasiani, ukipewa moja, utachukua ipi?" Nikanyamaza. Mkasema mzee kachoka. Sikuchoka. Magari yote mawili nimeyafungua kwa mikono yangu mpaka boliti ya mwisho, na jibu nilikuwa nalo. Halafu siku moja niliyaona yamefungwa kwa mnyororo mmoja ndani ya maji, jibu likanitoka. Basi nawaandikia. Vyeo na mishahara msitafute humu, cheo changu kilikuwa ovaroli.

Nilianza kazi pale Kibaoni, kwenye karakana ya misheni, chini ya Fundi Ludoviki, Mpogoro wa Mahenge, mtu mfupi mwenye mikono ya mtu mrefu. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa beseni la mafuta ya taa na boliti, akasema nioshe. Siku ya pili boliti. Wiki ile yote boliti. Nikamwuliza lini nitashika injini, akajibu kwamba nikiweza kuijua boliti ya Landrova gizani kwa kuigusa, nimwite. Nilipomwita, akanikalisha kwenye kiti cha dereva, akaniambia nifumbe macho, akawasha. Akataka nimwambie plagi ipi haichomi. Nikakisia, nikakosea. Akanirudisha kwenye beseni.

Spea hazikuwepo, nanyi hamwezi kujua maana ya neno hilo, maana mnapiga simu na spea inakuja na basi. Sisi tenki likivuja tuliziba kwa sabuni ya mche. Pointi za distributa tulizisafisha kwa ubavu wa kiberiti. Tyubu ya baiskeli iliyochoka ilikuwa dawa ya kila ugonjwa: tulifungia paipu, tulikatia washa za boliti, tulifunikia distributa mvua zikianza. Ludoviki alisema bonde hili limejengwa na Mungu kwa udongo, na sisi tumelishikiza kwa tyubu.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa maji. Ukifika kwenye maji, alisema, simama kwanza. Choma kijiti ukingoni, utazame maji yanapanda au yanashuka. Fungua boneti, toa mkanda wa feni, maana feni ikizunguka ndani ya maji inakuwa mwanamke anayepepeta, inarusha maji yote kwenye distributa, pale moto wa plagi unapogawiwa, na gari inakufa. Halafu ingia kwa gia ndogo, usibadilishe, usiinue mguu, usisimame. "Maji hayataki mtu wa kufikirifikiri," alisema. Fikra zote uwe umezimaliza nchi kavu. Ludoviki alikufa kitandani kwake, amezeeka, hakuwahi kuzimikiwa na gari mtoni. Mimi najivunia kumwosha mtu yule siku ya mazishi yake kuliko cheti chochote.

Narudi kwenye magari. Miaka ya tisini, kabla ya bodaboda, kabla ya simu za mkononi, karakana ilikuwa na Landrova ndefu ya kijivu. Ilibeba saruji, mbegu, masista, mahindi, na ilibeba maiti. Mtu akifia hospitali na kwao ni mbali, gari ilikuwa hiyo. Watu wakaiita Kwaheri. Ikipita kijijini watoto walinyamaza mpaka vumbi litulie. Mlango wake wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa waya, kitasa kilishakufa. Honi ilishakufa pia. Springi zake za mabapa zilikuwa ngumu, ukipita kwenye mashimo meno yanagongana, na chai uliyokunywa asubuhi unaionja tena mchana. Usukani mzito kama kugeuza ng'ombe. Lakini ilikuwa na adabu moja: ilikuambia mapema. Kila kitu kikitaka kuharibika kwanza kililia. Na bodi yake nilikuwa nainyoosha kwa nyundo na gogo la mti. Chuma cha namna hiyo hakikudanganyi.

Datsani ilikuwa kitu kingine. Milango miwili, mgongo umeteremka, rangi ya chungwa lililoiva sana. Watu waliiita Kiatu, kwa sababu kwa ubavu ilifanana na kiatu cha mwanamke cha kwendea kanisani. Injini yake ndogo, tamu, unaisikiliza kama mtu anayeshona kwa cherehani. Usukani unaugeuza kwa kidole. Kwenye barabara ya mashamba ya miwa, palipochongwa vizuri, ilipita mtu hajamaliza kusema ile nini. Lakini tumbo lake lilikuwa chini mno. Ekzosi iling'olewa na kila tuta la muhogo. Na kiti cha nyuma huwezi kukifikia mpaka wa mbele ashuke, akunje kiti chake, ndipo wewe upite umeinama kama unaingia kwenye dema la samaki. Mimi niliipenda. Nasema kweli, niliipenda kuliko Kwaheri. Kwaheri niliiheshimu.

Mwenye Datsani alikuwa Edga, fundi wa mitambo kiwanda cha sukari, mtu wa Tanga, mpole, mrefu, shati limepigwa pasi hata siku ya kazi. Alikuwa ameoa kwetu, mwanamke wa ng'ambo ya mto aliyeitwa Sabina. Sabina aliugua, akalazwa, akafa. Wazazi wake wakataka azikwe kwao, na niliyempeleka ni mimi, kwa Kwaheri. Tulivuka kwa kivuko, tukapanda milima. Edga alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma na jeneza safari nzima, amelikumbatia kwa mikono miwili lisiteleze kwenye miteremko. Tulipofika nilifungua ule waya, nikamkuta mikono imekakamaa, haiachii. Mimi na shemeji zake ndio tuliombandua vidole.

Tangu siku hiyo hakuisogelea tena Landrova ile. Akija karakana na Datsani yake, aliacha lango kubwa akapita uchochoro wa nyuma, maana Kwaheri ililala upande wa lango. Sikumcheka. Kila mtu ana mlango asioupita.

Baada ya muda akapata mchumba, Dora, binti wa mkulima wa Idete, Mzee Benito. Dora alikuwa mshonaji, mcheshi, mwenye maneno mafupi. Huyu nilimwendea juzi sokoni, anauza mchele, nikampa habari kwamba naandika. Akasema, "Andika, mjomba, ila usiniongezee unene." Basi unene sitautaja.

Harusi ilipangwa ikaahirishwa kwa msiba wa upande wa bibi harusi. Ikapangwa tena, barabara ikakatika. Mara ya tatu ikawekwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Padri alisema wazi kwamba atawafungisha asubuhi pale Ifakara, adhuhuri anaondoka kwenda vigango vya ng'ambo, na Jumatano ni Majivu. Baada ya Majivu hakuna ndoa mpaka Pasaka, na ikifika Pasaka Idete inakuwa kisiwa. Mzee Benito akamwambia mkwewe kwamba mara ya tatu hataki kuambiwa mvua, mvua anaijua yeye. Kama binti yake hatafika kanisani siku hiyo, mazungumzo yamekwisha, kila mtu achukue mkeka wake.

Edga akakubali yote, akaweka neno moja tu. Dora asipande Kwaheri. Aje kwa Datsani, aje kwa baiskeli, aje kwa miguu, lakini mke wake mwingine hatakaa ndani ya Landrova ile. Alilisema mbele ya wazee wote, taratibu, anaangalia mkeka. Wazee wa Idete wakaafiki haraka, maana hata kwao ni mwiko bibi harusi kupanda gari ya maiti. Mimi niliambiwa nibebe kwaya na masufuria, nikae nyuma mbali, vumbi langu lisimfikie bibi harusi.

Bwana harusi kwa desturi hamfuati bibi harusi, hutuma watu. Lakini usukani wa Datsani Edga hakumpa mtu yeyote, kwa hiyo akaja mwenyewe na suti yake nyeusi. Mabibi wa Idete wakamtania: eti mwaka huu tumepata bwana harusi na dereva kwa bei ya mmoja. Akatabasamu. Mkono wake niliuona, ulikuwa unachezea funguo.

Hapa sasa ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa kwa upendo. Akina mama walitaka gari ipendeze. Wakaleta vitenge, matawi ya mwarobaini na maua ya karatasi, wakaifunga Datsani uso mzima, kutoka taa hadi taa. Kitenge kikavutwa kikakaza mbele ya rejeta kama ngozi ya ngoma. Niliona. Nikamwambia mama mmoja gari hupumulia pale. Akanijibu kwamba bibi harusi naye amefunikwa uso na anapumua vizuri tu. Watu wakacheka, vigelegele vikapigwa, wakaondoka. Dora alikaa nyuma na gauni lake, kama desturi, na mbele akakaa Shangazi Rozalia, dada yake Mzee Benito, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti.

Kwetu bondeni jua lilikuwa kali. Hakuna wingu hata moja juu yetu. Lakini ukitazama milima, ilikuwa imevaa nyeusi toka alfajiri. Watu wa huku wanajua: mvua inanyesha kule, maji yanakuja huku na jua lake.

Tulikuwa hatujafika nusu ya njia nikaona mvuke mbele. Datsani imesimama, Edga anachana vitenge kwa mikono, kifuniko cha rejeta kinapiga mluzi. Nikasimama mbali kama nilivyoagizwa. Halafu nikaona ujinga huo, nikashuka nikapeleka maji. Ikabidi kungoja injini ipoe, maana ukiimwagia maji baridi inapasuka kichwa. Tukangoja. Kwaya iliimba kwanza, halafu ikaacha. Shangazi Rozalia aliuliza saa, akaambiwa, akauliza tena. Dora peke yake hakuuliza. Alikuwa dirishani, shela ameikunja mapajani, anatazama milima.

Tulipofika drifti, yaani lile zege lililolazwa chini ili mto upite juu yake, maji yalikuwa yamefika kabla yetu. Nguzo nyeupe za pembeni zilionekana vichwa tu. Maji mekundu, yanakwenda kwa haraka bila kelele, yamebeba majani ya milimani. Upande wa chini, pale zege linapoishia, kuna shimo ambalo sijapata kujua mwisho wake. Juu kidogo lipo daraja la reli, la kuvukia kwa miguu tu, na ng'ambo hapakuwa na gari nyingine ya kutufikisha kwa Padri. Nikachoma kijiti changu ukingoni. Nilipogeuka kukitazama tena, kilikuwa kimesimama ndani ya maji.

Nikamfuata Edga. Nikamwomba, tena kwa adabu, akina mama wapande kwangu, Datsani niivute kwa mnyororo. Akatikisa kichwa. Nikasema basi turudi. Akatazama jua, akatikisa kichwa tena. Nikasema basi nifungue boneti nitoe mkanda wa feni, ni kazi ya kufumba na kufumbua. Akanitazama mikono, ile iliyombandua vidole kwenye jeneza. Haikuwa dharau, niliyaona macho yake.

"Kaka Kasiani, nakuheshimu sana," akasema. "Lakini leo usiiguse gari hii kwa mikono hiyo."

Mwenyewe alikuwa fundi, angeweza kuutoa. Lakini alikuwa na suti, na Padri, na yale maji, na nadhani kichwani mwake alikuwa na jambo moja tu: kwenda mbele, awe mbali na Landrova iliyosimama nyuma yake. Akaingia ndani, akaiwasha, akaingia mtoni.

Alikwenda vizuri. Lazima niseme hivyo. Gia ndogo, moto uleule, mawimbi mawili yamepasuka kama mbawa. Kwaya ikaanza hata kupiga vigelegele. Katikati nikaisikia ile sauti, kama mtu anayekohoa ndani ya mtungi. Mara moja. Mara mbili. Kimya.

Nikawaambia kwaya shukeni. Nikatoa mkanda wangu wa feni, nikafunika distributa kwa tyubu. Huku nikiifunga boneti nikaona Datsani inasogea. Gari nyepesi ile, imebana hewa ndani, maji yalikuwa yanainyanyua mkia na kuipeleka taratibu kwenye ukingo wa zege. Shangazi Rozalia alikuwa anaita majina ya watakatifu wote wa Mahenge.

Niliingia kwa upande wa juu, ili ubavu wa Kwaheri uvunje nguvu ya maji kabla hayajaifikia Datsani. Maji yalipanda mpaka sakafuni kwangu, yakaingia, lakini Landrova ile ilikaa chini kama mama mkubwa kwenye kigoda. Nikaisimamisha sambamba na Datsani, injini inaendelea kuwaka. Kumbukeni Ludoviki alisema usisimame. Lakini Ludoviki hakuniambia la kufanya watu wakiwa ndani ya gari nyingine.

Edga alikuwa ameshashuka, maji kiunoni, anasukuma mlango kwa bega. Tukamtoa Shangazi Rozalia. Akanishika shingo nusura tuzame wote. Nikataka kumwingiza ndani, akagoma, kwamba yeye haingii kwenye gari ya marehemu akiwa na akili zake. Sikubishana. Nikampandisha juu ya boneti, akakaa huko amekumbatia tairi la spea.

Halafu Dora. Maana hakuweza kutoka mpaka shangazi yake atoke, hiyo ndiyo milango miwili. Maji yalikuwa yamefika kwenye kiti chake. Alikunja kiti cha mbele kwa mikono yake, akatoka, gauni likaelea pembeni yake lote. Nilimshika mkono mmoja, Edga akamshika mwingine. Kwa muda tulisimama hivyo, na Datsani inatusukuma magotini.

"Nitakubeba," Edga akamwambia. "Nitakubeba mgongoni mpaka ng'ambo."

"Wewe mwenyewe huwezi kusimama, Edga."

"Dora, nakuomba. Siyo humo."

Dora alimtazama. Meno yake yalikuwa yanagongana. Akanigeukia mimi.

"Shikamoo, mjomba," akasema. Hatukuwa tumesalimiana siku ile, naye hakutaka kuomba kitu bila salamu. "Ule mlango wa nyuma unafunguka?"

"Marahaba, mama. Unafunguka. Ni waya tu."

"Nifungulie."

Edga alishika mkono wa Dora kwa nguvu zaidi. Sijapata kumwona mtu ameogopa hivyo, na wala hakuwa anatazama mto.

"Ukiingia humo, mimi sijui," akasema.

"Hujui nini?"

Edga akautazama ule mlango wa waya.

"Mimi siyo Sabina, Edga," Dora akasema. "Mimi nina baridi."

Akatoa mkono wake, taratibu, kama mtu anayevua pete. Nikaufungua waya, akapanda, akakaa kwenye benchi la pembeni, maji yanamwagika kutoka kwenye gauni. Nikafunga waya tena, maana mlango ungefunguka njiani.

Niliunga mnyororo. Nilimwambia Edga aingie ashike usukani, akaingia bila neno. Nikasogea mbele polepole mpaka mnyororo ukakaza. Kwaheri ililia, ekseli zote mbili, springi zote, kila kitu kililia, lakini haikuteleza. Datsani ikaacha ukingo. Tulitoka mtoni hivyo: mbele Shangazi Rozalia juu ya boneti, mimi natazama barabara kwa kupitia kwapani mwake, Dora nyuma ya kioo, na nyuma kabisa Edga ndani ya Datsani yake, hana cha kutazama isipokuwa mlango ule wa waya na shela nyeupe.

Tulipofika nchi kavu nikazima. Kwaya ilikuwa imepita juu ya daraja la reli, wanakuja mbio juu ya tuta, viatu mkononi. Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Nilimwambia Edga kwamba tukiondoka sasa hivi tunamkuta Padri, Datsani tuiache hapo, nitaifuata. Milango yake miwili ilikuwa wazi inamwaga maji kama mtu anayetapika. Shangazi Rozalia alishuka mwenyewe, akasema hata yeye sasa atapanda, maana kama ni mkosi umeshalowana.

Edga alikuja mpaka mlango wa nyuma. Nikaufungua. Dora akasogea kwenye benchi, akampa nafasi kando yake, akaipangusa kwa kiganja.

"Njoo," akamwambia. "Tutakauka njiani."

Edga aliweka mguu mmoja kwenye kidaraja cha kupandia. Alitazama sakafu, pale katikati ya mabenchi. Ilikuwa tupu, imelowa tu, na majani mawili matatu ya mwarobaini. Mikono yake niliiona inafumba, inafumbua. Halafu akashusha mguu, akavua koti la suti, akalikamua kwa uangalifu, akalitupia begani. Akapanda tuta la reli.

Tulidhani anakwenda kujisaidia. Shangazi Rozalia akatuambia tusimtazame mwanamume wa watu, nasi kwa heshima tukageuza nyuso wote, pamoja na kwaya, tukatazama mpunga.

Tulipogeuka alikuwa ameshakuwa mdogo. Alikuwa anatembea katikati ya reli, hatua kwenye mataruma, wala hakuelekea Ifakara wala Idete kwa wakwe. Alikuwa amevuka daraja na kukipita kijia cha Idete, anakwenda upande wa Mlimba, ambako hakuwa na ndugu wala kazi. Watu wa kwaya wakaita. Shangazi Rozalia akaniambia nipige honi, nikamwambia haipo. Kijana mmoja akavua shati amkimbilie.

"Mwacheni," Dora akasema kutoka ndani. "Amesikia."

Alikuwa hakimbii. Alikwenda mwendo wa mtu anayerudi kutoka kazini, koti begani, hakugeuka nyuma hata mara moja. Reli inapinda pale penye mabingobingo, yale majani marefu kuliko mtu. Akaifuata kona, na hakurudi tena.